Bosi Akikuuliza Kama Unaweza Kubaki

Nimesikia mmepata kazi. Wawili wenu mmefanywa viongozi wa laini ya wafunga maboksi kule ghalani, na mwenzenu amepewa kitambulisho cha mkalimani, anakivaa shingoni mpaka kanisani. Hongereni. Mchungaji ameniomba niseme nanyi kwa kuwa kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, nami nimekubali kwa sababu mchungaji hakataliwi. Ila nawaambia mapema, wanangu, mimi si wa kutia moyo. Anayetaka kutiwa moyo aingoje kwaya.

Kwenye karatasi za ofisi niliitwa kiongozi wa laini. Ukweli ni kwamba nilikuwa mdomo. Wakubwa walikuwa na Kiingereza chao, wafanyakazi walikuwa na Kiswahili, Kirundi na Kifaransa cha kuokoteza, na mimi nilisimama katikati nikibeba maneno huku na huku. Nilianza Louisville, nikahamia Columbus, nikaja kuzeekea hapa Buffalo. Maneno ya vitu hayakunisumbua. Boksi ni boksi, gundi ni gundi, mtu unamwonyesha kwa kidole yakaisha. Yaliyonimaliza ni yale ya kumfanya mtu afanye jambo: lazima, inakupasa, tunakutegemea, ukiweza, ukipenda. Hayo huwezi kuyaonyesha kwa kidole.

Nataka mjue habari za Mzee Rugaza. Alibaki kazini akifunga maboksi ya viatu siku mkewe anakata roho, na mkewe alikuwa anamngoja ana neno la kumwambia, na hakuna mtu aliyemlazimisha kubaki. Nikimaliza mtaniambia ninyi mliosoma kosa lilikuwa la nani. Mimi nimeligeuza miaka yote hii na nimeshindwa.

Lakini nikianza na Mzee nitavunjika kabla sijafika mbali. Nianze na ujinga wangu mwenyewe, tucheke kidogo.

Mimi nimekulia kambini Kigoma. Wazazi walivuka kutoka Burundi nikiwa mgongoni, na kambini nikaolewa, nikazaa, nikazika. Kule amri ilikuwa na sauti ya amri. Mtu alisimama na kipaza sauti akasema lazima foleni, lazima kadi, marufuku kukata kuni upande ule. Ulikuwa unajua umeamriwa, unatii au unakwepa, lakini hukuwa na shaka. Basi na masikio hayo ndiyo nikafika Louisville, wakanipa kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Supavaiza wangu alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, mpole, anatabasamu hata akipiga chafya. Siku moja akaja akaniambia kwamba huenda ningependa kuvaa glavu. Kiingereza changu cha darasa la jioni kilitosha kuelewa hilo. Nikajitazama mikono, nikaona iko salama, nikamjibu kwa heshima zote kwamba asante, sipendi. Kesho yake akaja tena, tabasamu limeongezeka. Nami nikakataa tena, heshima imeongezeka. Nilidhani tunaelewana vizuri sana yule kijana na mimi.

Nikaitwa ofisini nikapewa onyo, kwamba nimekaidi amri mara kwa mara. Nilirudi nyumbani nalia. Nikamwambia binti yangu Devota, wakati huo yuko shule, kwamba hakuna aliyeniamuru kitu, waliniuliza ninapenda nini nikawajibu. Devota alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akaniambia kwa Kiingereza, maana alikuwa ameshaanza kunijibu kwa Kiingereza kama mnavyowajibu ninyi mama zenu, kwamba hivyo ndivyo wanavyoamuru hapa. Tangu siku hiyo nilivaa glavu hata za kuoshea vyombo.

Columbus tulihamia kwa sababu shemeji alikuwa huko na mishahara ilisemekana kuwa bora. Tulipanga kwanza Linden, nyumba ya bei rahisi yenye panya wenye kujiamini, halafu tukapata pa kukaa Reynoldsburg, kwenye yale maghorofa walipojaa Wakongo na Warundi. Nikaajiriwa kwenye ghala la viatu na nguo. Hapo ndipo nilipomkuta mwalimu wangu, Mkenya mmoja aitwaye Kamau, dereva wa foklifti. Hakuna shule iliyonifundisha kama Kamau. Nilimsimulia ya glavu, akacheka, akaniambia: "Mama Devota, hawa watu wana-order na adabu. Usiskize mdomo, angalia miguu. Boss akisema kitu akaenda zake, hiyo ni order. Akisema halafu asimame hapo akungoje, anauliza tu, unaweza sema no."

Lishikeni hilo. Nimelijaribu miaka yote na halikunidanganya ila mara chache. Anayeagiza haoni sababu ya kusubiri jibu. Anayeomba anasubiri, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Na ukiona huelewi hata miguu, basi muulize waziwazi: bosi, unaniomba au unaniagiza? Hawachukii. Wengine hucheka wakakujibu vizuri. Nilipopewa uongozi wa laini niliwafundisha wageni wote swali hilo kabla sijawaonyesha choo kilipo.

Sasa ije ile ya pili, ambayo Kamau hakuwa na msaada nayo. Kutoa amri kwenda kwa wazee wetu.

Mzee Rugaza alikuwa Mnyamulenge, mtu wa milimani kule Kivu ya Kusini, mfugaji, mzee wa kanisa. Mrefu, anatembea amefunga mikono nyuma hata akiwa ghalani na saa inawafukuza. Alipenda kunitania Kiswahili changu cha Kigoma. "Mwanangu, unaongeaka sawa radio," alikuwa akisema, na wenzake wanacheka. Mimi nina wajukuu, lakini kwake nilikuwa mwanangu, na nilipenda.

Mkubwa wetu aliitwa Denise. Mwanamke mnene, mwenye haki, aliyeanza kazi kwenye laini yenyewe kabla hajapandishwa kwenye ofisi ya vioo juu ya ngazi za chuma. Aliongea haraka. Siku moja aliona Mzee anapanga maboksi mazito juu ya mepesi, akaniambia nimwambie kwamba ni lazima mazito yawe chini. Sasa fikirini. Mimi mwanamke, tena Mrundi, nimsimamie mzee wa kanisa mbele ya vijana nimwambie lazima? Sisi tunasema lazima, Wakongo wanasema shurti, na kote kuwili neno hilo halipandi kwenda juu, linashuka tu, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mtoto.

Nikaenda nikamsalimia. Nikamuuliza goti lake. Nikamwambia, Baba, wewe umejenga nyumba nyingi milimani, hivi jiwe kubwa linakaa wapi? Akasema chini. Nikayatazama maboksi. Naye akayatazama, akanitazama mimi, akasema, "Bon, mwanangu, donc unanifundisha." Akayapanga upya. Huku nyuma Denise amesimama anahesabu dakika, akaniuliza kama sentensi yake moja kweli inahitaji maongezi yote yale kwa Kiswahili, na kwa nini amesikia tunataja nyumba. Nikamwambia Kiswahili ni kirefu. Alinitania kwa hilo mpaka nilipoondoka.

Mbinu nyingine ya wazee ni kusema jambo mbele ya watu kama tayari limefanyika. Ukitaka mzee awahi, sema wenzake wakisikia kwamba kesho Mzee atakuwa wa kwanza, tunamjua. Usiku hatalala. Hakuna lazima inayobana kama kutegemewa mbele za watu. Mtumie mbinu hiyo kwa uangalifu, maana inaumiza.

Mzee Rugaza nilimfundisha swali la kuomba na kuagiza kama nilivyowafundisha wote. Tulikuwa mapumziko, anakula mihogo yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia hiyo ni ya watoto. Mtu mkubwa hamuulizi mwenzake, unaniomba ama unanituma? Anamtazama, anajua. Nikamwambia Baba, macho ya watu hawa wewe huyajui. Akasema macho ni macho. Nikamwambia kuuliza si ujinga. Akanikubalia kwamba si ujinga, akaendelea kula.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata mkewe aliugua figo. Mama Furaha tulimwita, kwa jina la binti yao wa pekee aliyefika nao Amerika, msichana aliyekuwa anamaliza sekondari. Miguu ilivimba, akalazwa, wakasema anapata nafuu, akalazwa tena. Mzee hakuomba ruhusa hata siku moja. Zamu ikiisha saa tisa mchana Kamau alimpakia kwenye gari lake na kumshusha hospitali, kwa kuwa ilikuwa njiani kwake, na mpaka saa kumi Mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Ghalani hakuna mkubwa aliyejua. Nilimshauri nimwambie Denise, akanikataza. Ugonjwa wa mke wake haukuwa habari ya kazini.

Ninyi mmekulia hapa, labda hamlijui hili. Kwa watu wa kule milimani, na kwetu Warundi vilevile, anayeondoka duniani ana neno la kuacha, na neno hilo lina mwenyewe. Halipitishwi kwa mtu mwingine. La mwana anaambiwa mwana, la mume anaambiwa mume. Asubuhi moja Mama Furaha alimwambia binti yake ampigie baba yake simu, amwambie leo awahi, ana neno naye. Furaha alielewa, alikuwa mtoto lakini alielewa. Akampigia baba yake kabla hajaingia kazini, kisha akamsihi mama amwambie yeye, atalifikisha. Mama akakataa. Akamwambia, "Si yako."

Siku hiyo mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kung'oa jino. Jino moja, jamani. Hadithi yote hii nimeambiwa na Kamau na wale waliokuwa kwenye laini.

Theluji ilikuwa imeanguka na watu wengi hawakuja kazini. Lori la mzigo wa mwisho likachelewa, likafika zamu inakaribia kuisha. Mzee alikuwa ameshavaa koti. Denise akashuka ngazi, akapita watu wote, akaenda moja kwa moja kwake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa haharibu kitu. Walisema uso wake ulikuwa umechoka karibu kulia. Akamwita Mista Rugaza, akamwomba kama anaweza kubaki mpaka saa moja jioni, akaonyesha kwa vidole, akasema tafadhali. Halafu akasimama. Hakuondoka. Alisimama pale anamngoja ajibu.

Mzee aliitazama saa ya ukutani. Akamtazama Denise. Akavua koti, akasema yes. Kamau wakati huo alikuwa ndani ya lori na foklifti yake. Alipotoka alikuta Mzee amerudi kwenye laini, akamuuliza vipi, si leo ulitaka kuwahi? Mzee akamjibu kwamba kuna kazi.

Simu za wafanyakazi zilikuwa zinafungiwa kwenye makabati. Furaha alipiga na kupiga. Akapiga ofisini, na ofisini hapakuwa na mtu, wote wako chini wanapakia. Mama yake alikuwa anafumbua macho na kuuliza amefika? Furaha anamwambia yuko njiani. Anafumba, anafumbua, amefika? Yuko njiani, mama. Kiza cha baridi kilikuwa hakijaingia vizuri alipokata roho.

Mzee alipata habari kwenye maegesho, na simu mkononi. Kamau alimpeleka. Aliniambia kwamba kwenye taa nyekundu Mzee aliuliza kwa nini gari limesimama. Kule hospitali alimuuliza binti yake swali moja tu, mama alisema nini. Furaha akamwambia ukweli, kwamba alikuwa anauliza kama umefika.

Msiba uliwekwa Reynoldsburg, sebuleni kwao, viti vya kanisa vimejaa mpaka jikoni. Siku ya pili au ya tatu, mchana, Denise akaja. Peke yake, amebeba trei kubwa ya makaroni ya jibini, theluji viatuni. Ndipo tu alipokuwa ameambiwa kwamba mke wa Mzee alikuwa mgonjwa muda wote ule. Aliweka trei chini, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mzee, akaanza kusema huku analia. Alisema hakujua. Alisema asingethubutu kumzuia. Alisema alikuwa anamuuliza tu, angeweza kukataa, asingepoteza chochote, angetafutwa mtu mwingine au lori lingengoja. Alisema na kurudia, kisha akanigeukia mimi: "Mwambie. Tafadhali mwambie nilikuwa namuuliza tu."

Sebule yote ikageuka. Watu wanamtazama yeye, wananitazama mimi.

Sheria ya kazi yetu mnaijua, mmeshafundishwa: beba yote, usipunguze, usiongeze. Nimeifundisha sheria hiyo kwa watu wengi na bado naiamini. Nikamtazama Mzee. Ameweka mikono magotini, ananingoja. Na nikaona kwamba nikimpa maneno yale yote, nampa kamba ya kujinyongea. Mpaka dakika ile alikuwa amezuiliwa na kazi. Amezuiliwa na Amerika, na kampuni, na lori. Mtu anaweza kuishi na hasira ya namna hiyo. Lakini aambiwe kwamba mlango ulikuwa wazi? Kwamba angesema no tu, neno dogo kama hilo, angemkuta Mama Furaha bado anasema?

Nikamwambia, "Baba, anasema pole sana. Anasema moyo wake umeumia."

Furaha alikuwa anagawa chai. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu mara mia. Alisimama na birika mkononi, akanitazama, nami nikamtazama. Halafu akaendelea kumimina. Hatujaligusa jambo hilo mimi na yeye mpaka leo. Denise naye aliona maneno yake mengi yamegeuka kuwa machache, yeye aliyezoea kunilaumu kwa urefu wa Kiswahili, lakini hakuuliza. Mzee aliinamisha kichwa, akampa mkono.

Wanawake hawakuyagusa yale makaroni. Trei ilirudishwa imejaa. Kanisani ikawa inasimuliwa kwamba kampuni ilimfungia Mzee kazini asimuage mkewe akiwa hai, ndivyo walivyosema, na vijana wakaapa hawatafanya kazi pale. Denise alikuwa akimsalimia Mzee kila asubuhi na Mzee akimjibu kwa adabu. Yule mwanamke alikonda. Mimi nilipita kati yao nikibeba habari za gundi na maboksi. Majira ya joto Mzee akaacha kazi, akamfuata Furaha aliyepata kazi ya kuhudumia wazee huku Buffalo.

Mimi nilikuja Buffalo baadaye kidogo, kwa ajili ya Devota na watoto wake. Nikafua nguo kwenye nyumba ya wazee mpaka mgongo ulipokataa. Mzee alikuwa anakaa hapa hapa upande wa mashariki, ghorofani, kwenye nyumba ya mbao ambayo ngazi zake zinalia. Kanisani tulisalimiana kila Jumapili. Nyumbani kwake sikwenda. Kila nilipomwona nilikuwa nahisi lile fungu la maneno liko mdomoni mwangu, nalimeza, linarudi.

Kabla sijamaliza, mnataka niwape fundisho. Naona mwenzenu Sifa ameshatoa simu aandike. Sina, mwanangu. Ukibeba yote unaweza kumuua mtu. Ukipunguza, ngoja usikie. La kuvunda halina ubani.

Mwaka jana kabla ya theluji Furaha alinipigia akasema baba yake ananiita. Nikapanda zile ngazi. Mzee alikuwa peke yake, amepika chai ya maziwa mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Tulikunywa. Aliniuliza habari za Kamau, nikamwambia bado yuko Columbus, ana lori lake sasa. Akaniongezea chai. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, siku ile ya kilio, ule mama alisema maneno mingi. Wewe ulisema kidogo. Donc, ile ingine ilienda wapi?"

Nilitaka kusema Kiswahili ni kifupi. Sikuweza. Nikamwambia yote, wanangu. Nilimwambia kwamba Denise alisema alikuwa anamwomba tu, kwamba hakumlazimisha, kwamba angeweza kukataa na asingepatwa na kitu. Nilisema bila kumtazama. Nilikuwa nangoja aanguke.

Hakuanguka. Alisema, "Nilijua anaomba. Njo maana sikuweza kukatala."

Nikamtazama. Akaendelea taratibu, kama anayemweleza mtoto. Akasema angeamriwa, angebishana. Angesema mke wangu ni mgonjwa, minaenda, nifukuzeni. Mtu akikuamuru unaweza kumkatalia, mko wawili, ana nguvu zake na wewe una zako. "Lakini mukubwa anashuka ngazi, anakuja kwako na uso wa kulia, anakuomba. Utamukatalia na kinywa gani? Nilisema nitamusaidia huyu, halafu nitaenda. Mama Furaha ataningojea. Alizoea kuningojea."

Nikamwambia, Baba, basi miaka yote hii ulikuwa unajua. Nami nilikuficha nikidhani nakulinda.

"Minajua," akasema. "Ningekuwa minakuita zamani. Lakini niliona unaogopa." Akaviweka vikombe pamoja, akavisogeza pembeni. "Siku ile nilitaka useme yote, ili na mie nipate njia ya kujibu. Nilikuwa na jibu yangu. Nilitaka ule mama ajue hakufanya mubaya, na watu wasikie ni mie nilimuacha bibi yangu, si kazi. Sasa watu wamesema ingine, na yeye amezeeka na ile kitu. Mama Furaha alikufa na neno lake. Na wewe ukashika yangu."

Akanyoosha mkono kuchukua fimbo yake, anisindikize mpaka mlangoni kama ilivyo desturi. Nilimwambia nitamtafuta Denise, nitampigia Kamau aulize ghalani. Akasema vizuri. Nikampigia Kamau siku ile ile, nikiwa bado nashuka zile ngazi. Kamau aliniambia Denise aliacha kazi muda mrefu uliopita, wala hakuna pale anayejua alikokwenda.